Nyumba Iliyovaa Nyasi

Mkulima yeyote wa kandokando ya Ziwa Victoria atakwambia kwamba essenke ni adui wa shamba. Ni nyasi ngumu, za makali, zenye mizizi inayotambaa mbali chini ya udongo na kutoboa viazi na mihogo iliyomo. Ukizichoma moto huchipua tena; ukizikatakata kwa jembe, kila kipande cha mzizi huwa shina jipya. Wataalamu wa mimea huziita Imperata cylindrica na kuzihesabu miongoni mwa magugu mabaya kabisa ya nchi za joto. Lakini juu ya kilima cha Kasubi, kiasi cha kilomita tano kutoka katikati ya Kampala, gugu hilo ndilo linalowafunika wafalme wanne wa Buganda.

India nako gugu hilo lina heshima yake. Makuhani wa dini ya Veda, ambao nyimbo zao kongwe zilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 hivi kabla ya Kristo, hawakujenga mahekalu wala hawakuchonga sanamu. Walipotaka kuwakaribisha miungu walipima kiwanja, wakawasha moto, wakatandika nyasi kando yake, wakawaita kwa nyimbo waje wakae. Nyasi hizo huitwa darbha. Si mmea mmoja kila mahali: sehemu nyingi hutumika nyasi iitwayo kusha, na sehemu nyingine hutumika Imperata, yaani essenke yenyewe. Huku paa la wafalme, kule mkeka wa miungu.

Wapo waandishi wanaopenda kukuta kila kitu cha Afrika kimetoka kwingine. Mimi simo. Nyasi zinazoota zenyewe katika mabara kadhaa hazihitaji msafara wa kuzileta, na Waganda hawakuhitaji kuhani wa Kihindi kuwafundisha kuezeka. Kinachonifanya niziweke pamoja sehemu hizi mbili ni ufundi. Wapo mafundi duniani wanaotengeneza kitu ili kidumu, kama waliojenga kwa mawe kule Misri. Wapo pia mafundi wanaotengeneza kitu wakijua kitaoza au kuungua, na wao hukidumisha kwa kukifanya upya, kizazi baada ya kizazi, bila kuruhusu kosa lijipenyeze. Hao wa pili husifiwa mara chache, kwa kuwa kazi yao haiachi magofu ya kupigia picha. Nawasifu hapa.

Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga jumba lake Kasubi mwaka 1882, akafa mwaka 1884, akazikwa humohumo. Alikuwa mtu wa mambo mengi. Aliwapokea wafanyabiashara wa pwani, alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, aliwafungulia mlango wamisionari wa Kikristo. Hata kifo chake kilivunja desturi. Makabaka waliomtangulia walizikwa kila mmoja mahali pake, na taya la marehemu likatengwa na kuwekewa nyumba yake. Muteesa alizikwa mwili wake ukiwa kamili. Kisha wakamfuata mwanawe Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na mwili wake kurudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili, mwaka 1939. Na Edward Muteesa wa Pili, aliyefariki London mwaka 1969, akaletwa nyumbani mwaka 1971. Wanne chini ya paa moja. Nyumba yenyewe inaitwa Muzibu Azaala Mpanga, upana wake wa nje ni kama mita 31, na kimo chake kwa ndani kama mita saba na nusu.

Takwimu hizo hazisemi mengi mpaka usimame mbele yake. Paa linaanzia kileleni na kushuka mpaka karibu na ardhi, hivi kwamba unachokiita nyumba ni paa tupu lenye mlango. Unavua viatu, unaingia. Mbele yako kuna pazia la nguo ya gome la mti, rangi ya udongo mwekundu, na nyuma ya pazia ni kibira, msitu mtakatifu, ambako wafalme wanasemekana wametokomea, maana Kabaka hasemwi kuwa amekufa. Ukiinua macho unaona pete kubwa zilizopangana kuanzia ukingoni hadi kileleni, zimefumwa kwa makuti ya mkindu na kufungwa kwa mikono. Ni pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda kwa hesabu ya jadi. Mtoto wa Kiganda aliyeingizwa humo akaoneshwa pete ya ukoo wake ameona nchi yake yote imezungushwa juu ya kichwa chake, na hakuna haja ya kumpa somo la uraia.

Juu ya pete hizo na fito za matete ndipo mwezekaji anapoonyesha ubingwa. Essenke zikishakatwa husafishwa na kukusanywa kuwa miganda iliyozungushiwa nyasi, yenye umbo la pia. Miganda hiyo hupangwa safu juu ya safu, kuanzia chini kwenda juu. Haishonwi kwenye fito. Inakaa kwa uzito wake, kwa mwinamo wa paa, na kwa jinsi kila mganda unavyombana mwenzake. Mahali pengi Afrika nyasi za paa hufungwa kwa kamba au kushonwa, na anayetaka kubadilisha sehemu iliyooza hana budi kubomoa nyingine iliyo nzima. Kasubi, fundi huchomoa mganda uliooza na kuchomeka mpya, na jirani zake hawasumbuki. Aliyebuni mtindo huu alikubali tangu siku ya kwanza kwamba nyasi zitaoza, tena hazitaoza zote kwa pamoja, akatengeneza paa linalosubiri kurekebishwa. Nimeona majumba ya kioo katikati ya Kampala ambayo wachoraji wake hawakufikiria hata namna ya kubadilisha taa.

Kazi hii si ya kila mtu. Waezekaji ni wa ukoo wa Ngeye, wenye mbega kwa mwiko, chini ya kiongozi anayebeba cheo cha Wabulakayole. Mapambo ya ndani ni ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Nguo za gome hutengenezwa na ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, na mkubwa wao ni Kaboggoza. Nguo hiyo nayo inastahili insha yake. Mutuba, mti wa jamii ya mtini, huchunwa gome msimu wa mvua, kisha shina hufungwa kwa majani ya mgomba ili gome liote upya. Gome lililochunwa hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, saa nyingi, mpaka linapanuka na kulainika. Mti huohuo huchunwa tena mwaka mwingine, na mwingine. Pamba iliyopitia Zanzibar ndiyo iliyoanza kuiondoa nguo hii miilini mwa watu. Makaburini haikuiondoa. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi wake kuwa urithi wa binadamu.

Mtu wa mjini akisikia mgawanyo kama huo, huyu aezeke, yule apambe, yule apige gome, hudhani ni ubaguzi wa kiukoo uliobaki kwa mazoea. Mimi pia naona ubaguzi ndani yake, na nitalirudia jambo hilo. Lakini tazama makuhani wa Veda walivyogawana kazi katika dhabihu zao kubwa. Mmoja, hotri, hukariri beti za Rigveda, mkusanyo wa zile nyimbo kongwe. Wa pili, adhvaryu, ndiye mwenye kazi za mikono: anapima kiwanja, anamimina samli, anachochea moto, huku akisema maneno ya Yajurveda kwa sauti ya chini. Wa tatu, udgatri, anaimba Samaveda. Wa nne anaitwa brahmani. Huyo anakaa kimya. Kazi yake ni kuzijua kazi za wote watatu na kusikiliza, na kosa likitokea, kulitengeneza. Jamii iliyompa mtu cheo na ujira ili anyamaze na kugundua makosa ilikuwa imeelewa jambo kuhusu ubora ambalo viwanda vya leo vimelifikia kwa mzunguko mrefu.

Kosa, kwa watu wa Veda, lilikuwa jambo la kuogopesha, kwa sababu hawakuwa na kitabu cha kurejea. Rigveda ina nyimbo 1,028 na beti zaidi ya elfu kumi, na kwa karne nyingi yote ilikaa vichwani. Mwandiko ulikuja baadaye sana, na hata ulipokuja ulionekana duni kuliko mdomo wa mwalimu. Msomaji wa Kiswahili aliyepita chuoni akiwa mtoto anajua maana ya kuhifadhi: anaijua sauti ya watoto ishirini wakisoma kwa pamoja, na anajua mwalimu anavyoshtuka herufi moja ikitamkwa vibaya hata akiwa amesinzia. Ila mwanafunzi wa Kurani ana msahafu wa kumsahihisha. Mwanafunzi wa Veda alikuwa na midomo ya wenzake tu.

Kwa hiyo walibuni njia ambayo sijaona mfano wake. Kwanza mwanafunzi hujifunza ubeti kama unavyoimbwa, maneno yakiwa yameungana. Kisha hujifunza maneno hayohayo moja moja, yametenganishwa. Kisha huyafunga mawili mawili: la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la nne. Kisha hufika kwenye mafundo magumu, ambako maneno huenda mbele na kurudi nyuma. Chukua sentensi ya Kiswahili, paa zuri halivuji maji. Katika fundo liitwalo ghana, msomaji angesema: paa zuri, zuri paa, paa zuri halivuji, halivuji zuri paa, paa zuri halivuji. Halafu angeanza tena kwa neno la pili: zuri halivuji, halivuji zuri, zuri halivuji maji, maji halivuji zuri, zuri halivuji maji. Na hivyo hivyo ubeti mzima, wimbo mzima, kitabu kizima. Maana ya sentensi inapotea kabisa, na hilo ndilo linalotakiwa. Mtu anayefuata maana huteleza. Akisahau neno huweka lingine lenye maana ileile wala hajitambui. Anayesoma kwa ghana hana pa kutelezea, kwa kuwa kila neno limefungwa na majirani zake kutoka mbele na kutoka nyuma.

Miganda ya Kasubi inakaa kwa namna hiyo.

Mavuno ya ukali huo yanashangaza. Sanskriti ya kawaida ilipoteza zamani ule mpandosauti wake wa kale, wa silabi kupanda na kushuka kama muziki. Wasomaji wa Veda hawakuupoteza. Mtoto wa Kerala anayefundishwa leo, mwalimu akimwinamisha kichwa kwa mkono huku na huku kufuata sauti, anajifunza silabi ipi ipande na ipi ishuke katika maneno yaliyotungwa kabla chuma hakijaenea. Anaanza akiwa na miaka kama minane, naye huchukua miaka mingi kumaliza. Upo wimbo mmoja wa Rigveda unaowacheka makuhani, au unaowasifu, wasomi hawajakubaliana: unasema vyura mvua ikinyesha huitikiana kama mwanafunzi anavyoitikia maneno ya mwalimu wake. Anayeishi karibu na kinamasi chochote cha Kampala mwezi wa Aprili hahitaji kufafanuliwa.

Na watunzi wa nyimbo hizo hawakujiona waotaji. Mara nyingi walisema wametunga wimbo jinsi seremala anavyochonga gari la farasi, au mfumaji anavyofuma. Waliwaheshimu hata mafundi watatu waitwao Ribhu, ndugu waliozaliwa wanadamu na kupata kutokufa kwa sababu ya kazi ya mikono yao. Waliwachongea mapacha Ashvini gari, wakamtengenezea Indra farasi wake, wakatengeneza ng'ombe kwa ngozi tupu, wakawarudishia wazazi wao wazee ujana. Kikombe kimoja alichokitengeneza fundi wa miungu wakakigawa kuwa vinne, na fundi huyo aliona aibu. Ndipo miungu wakawapa sehemu katika kinywaji cha soma. Sijui dini nyingi ambazo mtu ameingia mbinguni kwa useremala mzuri.

Nyumba pia zilikuwa na nyimbo zake. Atharvaveda ina wimbo wa kusimamisha nyumba mpya: nguzo inaombewa ikae imara, nyumba inaombewa iwe na ng'ombe, farasi, maziwa na samli, nayo inasemeshwa kama kiumbe kilichovaa nyasi. Upo na mwingine, mgeni zaidi, wa kuifungua nyumba, fundo baada ya fundo, kamba baada ya kamba, ili itolewe zawadi na kuhamishwa. Watu hao waliishi na mifugo yao, na nyumba kwao ilikuwa kitu cha kufungwa, kufunguliwa na kufungwa tena. Kiwanja cha dhabihu vilevile. Walikipima kwa kamba na vigingi, na vipimo vyao walivipata kwa mwili wa mwenye dhabihu: kimo chake akiwa amenyoosha mikono juu. Vitabu vyao vya kamba, Shulba Sutra, vina kanuni ya mshazari wa mstatili ambayo shuleni tunaiita ya Pythagoras. Dhabihu ikiisha, waliondoka.

Mwaka 1975, katika kijiji cha Panjal huko Kerala, makuhani wa Kinambudiri walifanya agnichayana, dhabihu ya kupanga madhabahu ya moto, kwa siku kumi na mbili, mbele ya kamera za Frits Staal, mwanafalsafa mzaliwa wa Uholanzi, na mtengeneza filamu Robert Gardner. Walipanga matofali zaidi ya elfu moja kwa tabaka tano, yakatokea umbo la ndege mkubwa aliyetandaza mbawa. Juu yake walijenga banda la kuezekwa. Siku ya mwisho waliliwasha moto banda lile, likateketea, na wao wakaenda zao nyumbani wamebeba moto wao mtakatifu na kila walichohitaji kwa dhabihu ijayo, yaani kumbukumbu.

Kasubi nako kuliungua. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 Muzibu Azaala Mpanga iliteketea, na asubuhi watu walikuwa wakilia mabarabarani. Singethubutu kuufananisha moto huo na ule wa Panjal. Mmoja uliwashwa na wenyewe, kwa utaratibu, baada ya kazi kukamilika. Mwingine ulivamia kaburi la baba zao. Katika Buganda, Kabaka anapotoweka husemwa kwamba moto wa Buganda umezimika, kwa kuwa moto mtakatifu wa langoni, unaotunzwa na mwenye cheo cha Musolooza, huwaka maadamu mfalme yuko hai. Kuhani wa Veda aliyetunza mioto mitatu ya ibada alichomwa kwa mioto yake mwenyewe, na vyombo vyake vya dhabihu vikapangwa juu ya mwili wake. Pande zote mbili moto una adabu zake, na moto usio na adabu ni msiba.

Hata hivyo nyumba iliyoungua mwaka 2010 haikuwa ile ya 1882. Ilikuwa imejengwa upya na kuezekwa upya mara kadhaa. Mwaka 1938 iliingiziwa nguzo za zege, zikavishwa nguo za gome ili zisionekane. Wapo waliolalamika kwamba zege limeharibu uhalisi, na wapo wataalamu wa kigeni ambao kwao uhalisi ni umri wa mti na jiwe. Naona wanapima kwa kipimo kisichohusika. Uhalisi wa Kasubi uko kwa nani ameruhusiwa kuweka mganda, amejifunza kwa nani, na ameshika miiko gani siku alipopanda. Zege lingekatika kesho, nyumba ingebaki ileile. Ukoo wa Ngeye ukisahau kufunga mganda, nyumba haipo, hata kama nguzo zote zimesimama.

Na hapo ndipo moto ulipoonyesha hatari yenyewe. UNESCO, iliyokuwa imeiandika Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, iliiweka kwenye orodha ya hatari mwaka huohuo wa 2010, na haikuitoa mpaka Septemba 2023. Miaka kumi na mitatu. Pesa zilikuwa tatizo, siasa zilikuwa tatizo, na Japani ilisaidia kupitia UNESCO, hasa katika mambo ya kujikinga na moto. Lakini pesa haziezeki. Waezekaji wenye ujuzi walikuwa wachache na wenye umri, na vijana ilibidi wafundishwe kazi huku kazi yenyewe ikiendelea. Paa la ukubwa ule haliezekwi mara nyingi katika maisha ya mtu mmoja. Nafasi ya kujifunza nayo ni adimu.

Watu wa Veda wanalijua hilo kwa uchungu. Patanjali, mwanasarufi wa karne ya pili kabla ya Kristo, alihesabu matawi ya usomaji yaliyokuwapo: 21 ya Rigveda, 101 ya Yajurveda, 1,000 ya Samaveda, tisa ya Atharvaveda. Hata kama ile elfu ni chumvi, leo yaliyo hai ni machache mno. Hakuna moto uliochoma yale mengine. Mwalimu alikosa mwanafunzi, basi. Ghana ilikuwa imeziba kila tundu ambalo kosa lingepitia, isipokuwa moja, nalo ni nyumba isiyo na mtoto anayetaka kujifunza.

Tundu hilo walilipanua wenyewe. Veda ilifungwa kwa wanaume wa matabaka ya juu. Sheria mojawapo ya kale iliagiza Shudra, yaani mtu wa tabaka la chini, atakayeisikiliza kwa makusudi amiminiwe madini ya moto masikioni. Wanawake waliondolewa pia, ilhali Rigveda yenyewe ina nyimbo zinazohesabiwa kuwa za wanawake, Ghosha na Apala miongoni mwao. Kasubi, mwanamke haingii ndani wakati paa linaezekwa. Na bado ni wanawake, wenye kushika nafasi za wajane wa wafalme, waliokaa humo zamu kwa zamu kulinda makaburi, na ni wanawake wanaofuma mikeka inayotandikwa mbele ya pazia. Nikisifu miiko ya waezekaji kwa sababu inalinda usahihi, sina budi kusema pia kwamba mwiko unaopunguza idadi ya wanaojua huongeza uwezekano wa kusahau. Ukoo una wajibu wa kuchagua hapo, na si mimi wala mgeni mwingine wa kuuchagulia.

Wahindi wenyewe walichagua, angalau baadhi yao. Arya Samaj, iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mjini Bombay mwaka 1875, ilitangaza kwamba Veda ni ya watu wote, wanawake pamoja na wanaume, ikakataa sanamu na kuurudisha moto mahali pake. Ilifika Nairobi mwaka 1903, na Kampala nayo ikaipata. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Waliacha maduka, viwanda, mahekalu, sufuria jikoni. Maneno ya arusi yalikwenda nao bila kupekuliwa uwanja wa ndege. Tusiwapambe kupita kiasi: wengi wao walikuwa wafanyabiashara, na Veda waliyoijua kwa moyo ilikuwa ubeti mmoja wa Gayatri. Pandit anayewazungusha maarusi moto leo katika ukumbi wa Kampala anaweza kuwa na kitabu mkononi, na kidole chake kinafuata mstari. Lakini beti anazozisoma zimo katika kitabu cha kumi cha Rigveda, na bibi arusi anapopiga hatua saba anatimiza utaratibu ambao babu zake walioteremka Mombasa na jahazi hawakuusahau.

Panjal ilidhaniwa kuwa ya mwisho. Staal na wenzake walipiga picha kwa haraka ya watu wanaoandika wasia. Mwaka 2011 kijiji hichohicho kilifanya dhabihu hiyo tena, na baadhi ya waliohudhuria walikuwa hawajazaliwa mwaka 1975. Filamu ilisaidia kuwavuta watu, bila shaka. Haikumfundisha mtu kukariri.

Kasubi nayo imepimwa, imepigwa picha na kuandikwa baada ya moto kuliko wakati wowote kabla yake, na ni vyema. Ila paa la nyasi haliwi limekamilika. Miganda inayopokea maji mengi zaidi itaoza kwanza, itachomolewa, mipya itachomekwa, na kazi hiyo haitakuwa na wageni wa kimataifa wala ngoma. Vijana wa Ngeye waliojifunza katika ile miaka kumi na mitatu sasa ni watu wazima wenye watoto, na ukarabati huo mdogo, usio na sherehe, ndio utakaowapa nafasi ya kumwita mtoto apande naye ashike mganda wake wa kwanza, mzee angali chini akitazama.